Vita vya Baharini katika Michezo ya Kidijitali ya Mkakati ya Zama za Kati: Uhakiki kwa Mtazamo wa Pwani ya Waswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna michezo teule ya kidijitali ya mkakati inavyoisawiri bahari ya zama za kati. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: je, mchezo wa mkakati unaoihusu pwani ya Waswahili unapaswa kuwa na vita vya baharini? Makala imetumia mkabala wa balagha ya kitaratibu ulioasisiwa na Ian Bogost (2007), pamoja na mantiki ya mchezo wa bao kama kigezo cha ndani ya utamaduni. Michezo iliyohakikiwa ni Crusader Kings III, Age of Empires II, Europa Universalis IV na Civilization VI. Uhakiki umebaini kwamba michezo hii ama huifuta bahari, ama huigeuza uwanja wa nchi kavu uliopakwa rangi ya buluu, ama huifanya mfereji wa kupeleka mali Ulaya. Makala inahitimisha kwamba vita vya baharini vinapaswa kuwemo, lakini si kwa sura ya mapigano ya meli kwa meli yaliyozoeleka. Katika pwani hii vita viliamuliwa ukingoni mwa maji, na hapo ndipo mchezo unapopaswa kuviweka.

1.0 Utangulizi

Mtu anayesimama Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hutazama maji yaliyowahi kubeba vita. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia jumba la Sultani kutoka baharini, na vita vikamalizika kabla ya saa moja kutimia. Chombo cha Sultani kilichoitwa Glasgow kilizamishwa palepale bandarini, na milingoti yake iliendelea kuchomoza juu ya maji hadi mwaka 1912. Kwa watu wengi wa Unguja, hiyo ndiyo picha ya kwanza inayowajia yanapotajwa maneno "vita vya baharini": meli kubwa ya mgeni, mizinga, na mwenyeji aliyeko ufukweni akipigwa.

Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya karne ya kumi na tisa. Mwandishi wa makala hii alilazimika kuitafakari upya alipokuwa akimtazama mpwa wake akicheza Age of Empires II sebuleni. Kijana alikuwa amejenga gati, akaunda merikebu kumi na mbili, akazipeleka kisiwa cha pili na kuuteketeza mji wa adui. Mzee mmoja wa familia, aliyefanya ubaharia wa majahazi ujanani mwake, alikuwa ameketi kando. Baada ya kutazama kwa muda aliuliza upepo unatoka wapi. Kijana hakuwa na jibu, kwa sababu katika mchezo ule upepo haupo. Mzee akauliza tena maji yamejaa au yamepwa. Hilo nalo halikuwa na jibu.

Maswali hayo mawili ndiyo chimbuko la uhakiki huu. Kwa kawaida wapenzi wa michezo ya mkakati hubishana kuhusu vita vya baharini kama suala la ufundi: kwamba vinaongeza ladha au vinachosha, kwamba tarakilishi inavimudu au haivimudu. Makala hii inadai kwamba suala hilo lina uzito zaidi ya ufundi. Kwa jamii ambayo miji yake ilizaliwa kwa bahari, uamuzi wa mbunifu kuhusu bahari ni uamuzi kuhusu nani anahesabiwa kuwa na historia.

Ni vyema kufafanua istilahi moja mapema. "Zama za kati" ni kipindi kilichogawanywa kwa kufuata historia ya Ulaya. Katika makala hii istilahi hiyo inatumika kwa maana finyu ya kipindi cha kuanzia karne ya kumi hadi mwanzoni mwa karne ya kumi na sita, yaani enzi ya kustawi kwa Kilwa, Mombasa, Malindi, Tumbatu na Kizimkazi, ambako mihrabu ya msikiti ina maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Mifano michache ya baada ya hapo itatajwa pale inapoangaza jambo la zamani.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Bogost (2007) anaeleza kwamba mchezo wa kidijitali hushawishi kwa kanuni zake zaidi ya picha na maneno yake. Mchezaji hujifunza ulimwengu kwa kutenda: jambo linalolipwa na kanuni huonekana la busara, na jambo lisilo na kanuni huonekana kama halipo. Hii ndiyo balagha ya kitaratibu. Kwa mkabala huo, mhakiki haulizi tu kama merikebu iliyochorwa inafanana na merikebu ya kweli. Anauliza merikebu hiyo inaweza kufanya nini, inazuiwa na nini, na mchezaji anatuzwa kwa kuitumiaje.

Mkabala huu hauhitaji kuazimwa wote kutoka nje. Waswahili wana mchezo wao wa mkakati, nao ni bao. Ubao una mashimo thelathini na mawili katika safu nne, na kete ni sitini na nne. Mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi, akapita hatua ya namua kabla ya kuingia mtaji. Alex de Voogt (1995), aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar, ameonesha kina cha hesabu inayofanywa kichwani na wachezaji hao. Jambo linalohusika hapa ni kanuni moja ya msingi. Katika bao, kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Huhamia upande wa mlaji, ikapandwa upya na kuendelea kufanya kazi. Idadi ya kete haipungui tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni zipo kwa nani.

Kanuni hiyo inasema jambo kuhusu ushindani: mshindi ni yule aliyevuta mali ya mwenzake ikawa yake, na kete zilizoharibiwa hazipo kabisa. Kigezo hiki kitatumika pamoja na balagha ya kitaratibu kuipima michezo teule.

3.0 Bahari katika Michezo Teule

3.1 Bahari iliyofutwa

Crusader Kings III, uliotolewa mwaka 2020, ni mchezo wa koo, urithi na vita vya watawala wa zama za kati. Ndani yake hakuna pambano lolote la baharini. Jeshi linapofika pwani, mchezaji huamuru livuke, dhahabu inakatwa hazinani, na askari wanajikuta vyomboni. Vyombo hivyo havijengwi, havina manahodha, na havikutani na adui. Jeshi linaposhuka hupata udhaifu wa muda mfupi, kisha vita vinaendelea kama kawaida.

Utetezi wa uamuzi huu unafahamika. Mchezo unahusu watu na nasaba, na kuongeza manowari kungemtwisha mchezaji mzigo usio na faida. Hata hivyo, mchezo huohuo unawapa watu wa utamaduni wa Kinorse uwezo wa kupanda mito mikubwa kwa majahazi yao. Kwa hiyo wabunifu wanajua kwamba ubaharia ni ujuzi wa jamii maalumu, na wanajua kuugeuza kanuni wanapotaka. Kilichokosekana si uwezo, ni uteuzi. Kwa mchezaji, funzo la kanuni hii ni kwamba bahari ni barabara ya kulipia. Mwenye dhahabu hupita, wakati wowote na kuelekea kokote.

Medieval II: Total War ya mwaka 2006 ilichukua njia ya kati. Meli zipo na hupigana, lakini pambano huamuliwa kwa hesabu ya mashine bila mchezaji kuliona, ilhali vita vya nchi kavu huoneshwa askari kwa askari. Ngazi ya thamani iliyomo humo haihitaji kuelezwa.

3.2 Bahari iliyosawazishwa

Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999 na ambao bado unachezwa sana, unasimama upande wa pili. Humo mna magati, merikebu za vita, meli za moto, meli za kulipuka, vyombo vya uvuvi, vya uchukuzi na vya biashara. Chombo cha biashara huleta dhahabu nyingi zaidi kadiri gati la mshirika linavyokuwa mbali, kanuni inayokaribia kusema ukweli kuhusu biashara ya masafa. Nyongeza ya mwaka 2015 iliyohusu falme za Afrika ilileta Wahabeshi, Wamali, Waberiberi na Wareno. Waswahili hawakupewa nafasi ya kuchezwa katika nyongeza hiyo. Mreno ndiye aliyepewa, pamoja na kampeni ya Francisco de Almeida, mtu aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505.

Suala la uwakilishi huo limeshazoeleka katika uhakiki wa baada-ukoloni, na makala hii haitalirefusha. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kanuni za maji yenyewe. Merikebu huenda kwa kasi ileile kuelekea pande zote. Hakuna kaskazi wala kusi, hakuna maji kujaa wala kupwa, hakuna mwamba unaoonekana asubuhi ukafichika jioni. Nahodha hana haja ya kubisha kwa sababu hakuna upepo wa kumkabili. Kwa maneno mengine, maji yale ni nchi kavu yenye rangi ya buluu, na merikebu ni farasi wasiopanda ufukweni. Lengo la pambano ni kuipiga meli ya adui hadi iishiwe uhai na kuzama. Shehena iliyomo hupotea nayo. Kwa kigezo cha bao, huu ni mchezo unaotupa kete nje ya ubao.

3.3 Bahari kama mfereji

Europa Universalis IV (2013) huanza tarehe 11 Novemba 1444, mwishoni mwa kipindi tunachokizungumzia. Mchezo huu unastahili sifa: Kilwa, Mombasa, Malindi na Pate ni dola zinazoweza kuchezwa, na Zanzibar ni jina la kituo kizima cha biashara. Hata hivyo, mwelekeo wa biashara kati ya vituo umewekwa na mbunifu na haubadiliki. Mali hutiririka kutoka kituo hadi kituo, na vituo vya mwisho kabisa vya dunia ni Genoa, Venice na Mlango-Bahari wa Uingereza. Mchezaji wa Kilwa anaweza kuyashinda majeshi yote, lakini hawezi kuugeuza mkondo huo. Vita vya manowari katika mchezo huu, hata vikisanifiwa vizuri namna gani, ni vita vya kugombea nafasi kwenye mfereji ambao mwisho wake umeshaamuliwa.

Katika Civilization VI, Zanzibar ni mji-dola mdogo unaompa mshirika wake karafuu na mdalasini tangu enzi za kale. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Kosa hili ni dogo kitaarifa lakini ni kubwa kimaana: kisiwa kimegeuzwa ghala la viungo kabla ya kuwa na mabaharia.

4.0 Vita vya Bahari katika Kumbukumbu za Pwani

Je, kumbukumbu zilizopo zinatuonesha vita vya namna gani? Matukio manne yatachunguzwa.

Tukio la kwanza limo katika Ajaib al-Hind, mkusanyiko wa visa vya mabaharia unaonasibishwa na Buzurg bin Shahriyar wa karne ya kumi. Inasimuliwa kwamba mwaka 334 Hijria, sawa na 945 Miladia, watu waitwao Waqwaq walikuja na vyombo wapatao elfu moja kuushambulia mji wa Qanbalu, ambao wataalamu wengi wanauhusisha na Pemba. Walitaka pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watumwa. Idadi ya vyombo bila shaka imetiwa chumvi, kama ilivyo ada ya visa vya mabaharia. Lakini mantiki ya kisa iko wazi. Vyombo vilileta watu. Havikupigana na vyombo vingine. Mji ulisalimika kwa sababu ulikuwa na ukuta, na ukuta ulizungukwa na mkono wa bahari uliojaa maji. Aliyeamua vita ni maji yaliyokuwa baina ya adui na ukuta.

Tukio la pili limo katika tarehe ya Kilwa. Masimulizi yanaeleza kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mtawala wake, na mtawala huyo akavuka kwenda bara huku akikusudia kurudi na kumuua mnunuzi. Wakati huo watu waliweza kuvuka kwa miguu maji yanapokupwa. Wenyeji wapya wakauchimba mkondo huo, bahari ikaujaza, na tangu hapo haukukauka tena. Iwe ni tukio au ni hekaya ya kuhalalisha utawala, inatosha kwamba jamii yenyewe iliuelewa mwanzo wa dola yake kama ushindi wa kina cha maji. Kilwa haikuanza kwa kuzamisha meli ya mtu.

Tukio la tatu ni kuja kwa Wareno. Mwezi Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zikiwa zimetia nanga Mombasa, waogeleaji walizifuata usiku na kujaribu kuzikata amari zao. Hapa mwenyeji alitumia silaha aliyokuwa nayo: ujuzi wa maji ya kwake, giza, na ukweli kwamba meli iliyokatika amari katika mlango mwembamba hupelekwa na mkondo miambani. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alikamata vyombo vya biashara karibu na Unguja na kumlazimisha mtawala wa kisiwa kukubali kulipa kodi ya kila mwaka. Huu nao ni vita vya baharini, lakini lengo lake halikuwa kuzamisha. Aliyekamata vyombo alikamata nguo, nafaka na manahodha, alikula kete. Miaka miwili baadaye Almeida aliingia Kilwa na Mombasa. Inaripotiwa kuwa Mombasa ilimpokea kwa mizinga iliyookolewa kutoka katika meli ya Kireno iliyopanda mwamba. Kete iliyoliwa ilikuwa imeanza kumtumikia mlaji.

Tukio la nne ni vita vya Shela, kisiwani Lamu, takriban mwaka 1812. Ni vya zama za karibuni, lakini vinaonesha mantiki ileile ikiwa hai karne kadhaa baadaye. Majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela kuiteka Lamu. Yaliposhindwa ufukweni yakakimbilia vyomboni, na kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji yakakuta bahari imekupwa na vyombo vimelala mchangani. Walioshindwa hawakuwa na pa kwenda. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa hali hiyo: kupwelewa. Neno hilo linabeba kanuni nzima ya mchezo, na hakuna hata mmoja kati ya michezo iliyohakikiwa wenye kanuni inayolingana nalo.

5.0 Mjadala: Viwemo au Visiwemo?

Hoja yenye nguvu zaidi ya kupinga vita vya baharini katika mchezo wa pwani hii haitoki kwa wabunifu. Inatoka katika historia yenyewe. Abdul Sheriff (2010) ameieleza Bahari ya Hindi kama eneo la tamaduni za majahazi, ambako pepo za msimu ziliwakutanisha watu kwa biashara, ndoa na dini, na ambako hakuna dola iliyodai kuimiliki bahari kabla ya Wareno. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia kwamba meli ilipofika Mogadishu vijana waliifuata kwa mashua ndogo wakiwa na vyakula, na kila mmoja alimtwaa mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake. Kwa mtazamo huo, kuweka vita vya baharini ni kuihamishia Bahari ya Hindi desturi ya Mediterania, ambako manowari za makasia zilipigana tangu kale. Ni kuandika historia ya Mreno kabla Mreno hajafika.

Makala hii inaikubali sehemu kubwa ya hoja hiyo, lakini si hitimisho lake. Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kwamba Sultani wa Kilwa, Abu al-Mawahib, alifanya mashambulizi dhidi ya jirani zake na kugawa ngawira. Yaqut, mwanzoni mwa karne ya kumi na tatu, anaandika kwamba watu wa Unguja walikuwa wamehamia Tumbatu. Qanbalu haikujenga ukuta kwa ajili ya mapambo. Bahari isiyo na dola inayoimiliki si sawa na bahari isiyo na vita, na kuwasawiri Waswahili kama watu wa biashara na ukarimu tu ni kuwapa sifa inayowanyang'anya utendaji. Mtu asiyeweza kupigana katika mchezo wa mkakati ana nafasi mbili tu: kutekwa au kuokolewa.

Sababu ya pili inatokana na balagha ya kitaratibu. Kufuta vita vya baharini hakuleti bahari ya amani; kunaleta bahari tupu. Katika Crusader Kings III kukosekana kwa vita kumeambatana na kukosekana kwa pepo, manahodha, bandari zenye uhai na wageni wanaosubiri msimu. Mchezo wa mkakati huyapa uzito mambo yanayoweza kuhatarishwa. Bahari isiyoweza kumhatarisha mtu haiwezi kuthaminiwa naye, na al-Masudi, aliyeivuka mara ya mwisho kutoka Qanbalu mwaka 304 Hijria, aliiona Bahari ya Zanji kuwa ya hatari kuliko nyingine alizozipitia.

Kwa hiyo jibu ni kwamba viwemo. Lakini Age of Empires II imeshatuonesha kwamba kuwemo pekee hakutoshi. Vita vya baharini visivyo na bahari vinaweza kupotosha zaidi ya ukimya, kwa sababu mchezaji huondoka akidhani ameshaiona.

6.0 Kanuni Zinazopendekezwa

Kutokana na ushahidi wa sehemu ya nne, uhakiki huu unapendekeza mambo manne ambayo mchezo wa pwani hii ungepaswa kuyafanya kuwa kanuni, si mapambo.

Kwanza, msimu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuvileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Aprili na kuvirudisha, na makali yake ya katikati ya mwaka huzuia safari. Mchezaji aliyekosa msimu asubiri. Aliyesubiri hula chakula cha mwenyeji wake, huoa, hukopa, au huzozana. Hapo ndipo ukarimu alioushuhudia Ibn Battuta unapokuwa sehemu ya mkakati: mji usiopokea wageni vizuri usipate vyombo msimu ujao.

Pili, maji kujaa na kupwa. Nyakati za bamvua tofauti ya kina katika maji ya Unguja hufikia takriban mita nne; nyakati za maji mafu hupungua sana. Bandari, kivuko na mwamba katika mchezo vibadilike kwa kufuata mwezi. Mshambuliaji apange saa ya kushuka na saa ya kuondoka, na aweze kupwelewa. Mlinzi aweze kumchelewesha hadi maji yamsaliti. Waswahili husema maji yakijaa hupwa. Katika mchezo huu methali hiyo iwe onyo la kijeshi.

Tatu, kukamata kabla ya kuzamisha. Chombo kilichotekwa kihamie upande wa mtekaji pamoja na shehena na mabaharia wake, kama kete za bao. Kuzamisha kuwezekane, lakini kuwe ni hasara kwa pande zote mbili. Kanuni hii moja ingemwelekeza mchezaji kwenye kuzuia milango ya bandari, kukata amari na kuvizia nyuma ya visiwa, yaani kwenye vita vya watu waliohitaji bahari ibaki wazi kesho yake.

Nne, elimu ya nahodha. Uwezo wa kupita usiku baina ya miamba usinunuliwe kwa dhahabu. Utokane na mtu aliyekwisha kupita hapo, na akifa au akikimbilia kwa adui, elimu hiyo iende naye. A. H. J. Prins (1965), katika utafiti wake kuhusu mabaharia wa Lamu, ameonesha jinsi ubaharia ulivyokuwa utamaduni kamili wenye ngazi, adabu na maarifa yake. Mchezo unaomfanya nahodha kuwa namba umeukosa utamaduni huo.

Inaweza kupingwa kwamba kanuni hizi zingeufanya mchezo kuwa mgumu kwa mchezaji wa kawaida. Jibu lipo mabarazani. Bao ni mchezo mgumu, hauna picha, na wazee na vijana wa Unguja huucheza kwa furaha hadi magharibi. Ugumu unaotokana na kanuni chache zinazoingiliana haumchoshi mchezaji. Kinachomchosha ni wingi wa vitufe usio na maana. Pepo mbili, mwezi mmoja na chombo kinachobadili mwenyewe ni kanuni chache kuliko aina za meli zilizomo katika Age of Empires II.

Lipo pia suala la lugha. Kaskazi, kusi, matlai, umande, bamvua, maji mafu, kubisha, kupwelewa: kila neno hapa ni hukumu ya kivitendo juu ya lini uende na lini ubaki. Maneno haya yanapungua vinywani mwa vijana wa mjini kwa sababu kazi zilizoyahitaji zinapungua. Kuyaingiza katika kamusi kunayahifadhi kama vielelezo. Kuyaingiza katika kanuni za mchezo kunamlazimu kijana kuyatumia ili asishindwe, na lugha huishi pale mtu anapoihitaji ili asishindwe.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba swali la vita vya baharini katika michezo ya mkakati ya zama za kati haliwezi kujibiwa kwa bahari zote kwa pamoja. Kwa pwani ya Waswahili, kumbukumbu za Qanbalu, Kilwa, Mombasa, Unguja na Shela zinaafikiana katika jambo moja: bahari haikuwa uwanja mtupu wa kupigania, ilikuwa mshiriki katika vita. Ilijaa, ikapwa, ikafunga na kufungua. Mchezo unaoifuta bahari hiyo unawafuta waliotumia akili kuielewa. Mchezo unaoisawazisha unawapa ushindi wenye mizinga mingi kabla mizinga haijafika.

Uani mwa Beit al-Ajaib, katika makumbusho, uliwekwa mtepe uliojengwa upya: chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila misumari, ambacho tanga lake la asili lilikuwa la mkeka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo vijana wa Mji Mkongwe wamekosa mahali pa karibu pa kuuona mtepe. Merikebu za Age of Empires II wanaziona kila jioni. Hali hii ndiyo inayoufanya uhakiki wa michezo kuwa kazi ya watafiti wa Kiswahili, wala si ya wataalamu wa tarakilishi peke yao. Kabla mchezo wa pwani hii haujachorwa hata picha moja, wanaousanifu wanapaswa kwanza kuwa na jibu la maswali ya yule mzee: upepo unatoka wapi, na maji yamejaa au yamepwa.